Tarakimu Moja Katika Daftari la Ubatizo

Niliahidi kuendelea na habari za kuweka akiba, lakini zitangoja, maana kuna jambo limenikwama kooni nami nataka kulitoa mbele yenu.

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia ofisini kwangu asubuhi na mapema pamoja na mwanawe. Ni mjane, mpika maandazi, tunajuana siku nyingi. Kijana alikuwa ameona tangazo la kazi, na waliotakiwa ni wale wasiozidi miaka 25. Yeye ana 26. Hana cheti cha kuzaliwa, na ninyi mwajua kwamba mtu mzima akienda kukiomba, cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo anavyoweza kupeleka. Basi mama akaniambia kwa sauti ndogo, “Mwanangu karani, ni tarakimu moja tu. Hiyo sita uifanye nane.”

Akaweka mezani kitambaa chenye fundo, ndani yake noti ya shilingi elfu kumi. Kitambaa nilimrudishia palepale, hicho hakikunisumbua. Kilichonisumbua ni ile sita. Wadogo wa kijana yule ni watatu, nami nawajua kwa majina. Nyumba ile yote inakula kwa maandazi, na mama yule magonjwa yameanza kumwandama. Nikasema, “Njooni Alhamisi.”

Msinicheke, lakini jioni ile nilifungua sanduku nikatoa madaftari yangu ya chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu alitufundisha habari za wenye hekima watatu waliouliza ni kitu gani kinachofanya tendo kuwa jema. Wakati ule nilisoma ili nishinde mtihani. Safari hii nilisoma kwa kuwa Alhamisi ilikuwa inakuja.

Wa kwanza ni Jeremy Bentham, Mwingereza, aliyezaliwa 1748. Yeye anatumia mizani kama muuza duka: weka furaha upande huu na maumivu upande huu, ya watu wote wanaoguswa, kisha tenda lile liletalo heri kubwa kuliko mengine. Fundisho hili liliendelezwa na John Stuart Mill, ambaye nampenda kidogo kwa sababu ni karani mwenzangu. Aliingia katika ofisi za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki huko London mwaka 1823, akiwa na miaka 17, akakaa humo mpaka 1858, na vitabu vyake vingi aliviandika akiwa mtu wa kazi ya ofisini.

Haya, nikapima. Upande mmoja kijana anapata mshahara, wadogo wanakula, mama anapumzika. Upande wa pili wino kidogo. Mizani ikaanguka upande wa mama! Lakini Bentham anataka kila mtu ahesabiwe, naye mtu mmoja ahesabiwe kuwa mmoja. Basi yuko wapi yule kijana mwingine, mwenye miaka 24 ya kweli, ambaye atakosa nafasi ile? Naye pengine ana mama. Sikumwona kwa sababu hakuja ofisini kwangu na kitambaa. Huu ndio udhaifu wa mizani mikononi mwa watu kama sisi: tunapima walio mbele ya macho, wasioonekana tunawasahau.

Wa pili ni Immanuel Kant, mtu wa mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad nao uko chini ya Urusi. Katika kitabu chake cha mwaka 1785 anasema, usitende jambo usiloweza kutaka liwe sheria ya watu wote. Nikajiuliza: makarani wote wakibadili tarehe kwa huruma, itakuwaje? Vyeti vyetu vitakuwa karatasi za kufungia karanga, wala hakuna mama atakayesumbuka kuja kuomba kimoja.

Jambo hilo nalijua kwa macho yangu. Katika daftari letu moja la zamani kuna tarehe iliyokwanguliwa kwa wembe na kuandikwa upya. Aliyeifanya simjui, na huenda alikuwa na huruma kama yangu. Lakini tangu nilipoiona, kila ajapo mtu ambaye jina lake liko katika ukurasa ule, kalamu yangu husita. Tarehe moja imekwanguliwa, na majina yote ya ukurasa ule yametiliwa shaka, ya watu wasio na kosa.

Lakini Kant naye simfuati mpaka mwisho. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna ruhusa ya kumdanganya. Hapo namwacha aende zake. Nani kati yenu angefungua mlango akaonyesha kwa kidole?

Wa tatu ni Aristotle, Mgiriki wa kale, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Huyu hakuanza na tendo moja, alianza na mtu. Anasema mtu huwa hodari kwa kutenda ya uhodari, kama mpiga kinubi ajifunzavyo kwa kukipiga. Tena fadhila iko katikati: ushujaa uko kati ya woga na ujahili, ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu. Swali lake kwangu ni hili: ukiifanya sita kuwa nane, utakuwa karani wa namna gani? Tarakimu ya kwanza itanitetemesha mkono. Ya kumi nitaiandika huku nikipiga mluzi.

Mkufunzi wetu alikuwa na mfano aliopenda kuurudia, wa chombo cha angani cha Wamarekani kilichoitwa Challenger. Jioni ya 27 Januari 1986, mainjinia wa kampuni ya Morton Thiokol, iliyotengeneza roketi za kukisukuma, walisema kwa simu kwamba chombo kisirushwe kesho yake. Baridi ilikuwa kali, na pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi hukakamaa kwa baridi. Walitaka wangoje mpaka joto lifike nyuzi 12 hivi. Injinia mmoja, Roger Boisjoly, alikuwa ameonya kwa barua tangu Julai 1985. Wakubwa wa NASA hawakupendezwa. Wakubwa wa kampuni wakaomba muda washauriane, na hapo mmoja wao, naye ni injinia, akaambiwa avue kofia ya uinjinia na kuvaa kofia ya umeneja. Akaivua. Kampuni ikageuza neno lake. Mwakilishi wao aliyekuwa Florida, Allan McDonald, alikataa kutia sahihi, sahihi ikatoka kwa mkubwa mwingine. Asubuhi chombo kiliruka, na baada ya sekunde 73 kikavunjika angani. Watu saba walikufa, mmoja wao mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Waliogeuza neno walidhani wamepima. Lakini kwenye mizani yao waliweka ratiba na kumridhisha mteja, na wale saba hawakuwekewa uzito wao. Tena wale saba hawakuambiwa wasiwasi uliokuwapo, wakatumiwa kama chombo cha kazi ya wengine, jambo ambalo Kant alilikataza kabisa. Nayo ile kofia, Aristotle angeicheka, kwa kuwa tabia ya mtu haivuliwi mlangoni pa ofisi. McDonald alipoeleza kweli mbele ya tume alishushwa kazini, na ni baada ya wabunge kuingilia ndipo alipopewa kusimamia kazi ya kuzitengeneza upya roketi zile.

Utaniuliza, ndugu msomaji, roketi na maandazi vinahusiana nini? Pengine si mengi. Daftari langu halitaua mtu. Lakini nilitambua kwamba ile huruma yangu nayo ilikuwa imeanza kuniambia nivue kofia.

Alhamisi walikuja. Nikamwambia, “Mama, sita itabaki sita.” Nikampa barua niliyoiandika usiku, ya kushuhudia kwamba kijana huyu ni mchapakazi na ninamfahamu, na majina ya mahali pawili wanapochukua vijana bila kuweka mpaka wa umri. Mama hakuipokea. Alisema, “Wewe unakula mshahara, ndiyo maana una maneno mengi,” akatoka. Neno hilo lina kweli ndani yake, wala sikulijibu.

Jumamosi kijana alirudi peke yake. “Shikamoo, kaka,” akasema, akaomba ile barua na cheti chenye mwaka wake mwenyewe. Nikamwandikia, nikagonga muhuri. Sehemu moja kati ya zile mbili wamemwambia arudi mwisho wa mwezi. Mama yake nikipita penye maandazi bado anatazama pembeni.