Siku Ngapi Visiwani?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake kwa manufaa ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii tumeletewa swali na mama mmoja, msomaji wetu wa Matiliku, Kaunti ya Makueni. Yeye na bwana wake wameuza ndengu zao, ambazo sisi wa pwani twaziita pojo, wakaweka akiba, na sasa wamekusudia kuwapeleka watoto wao watatu visiwani Lamu katika likizo ya Agosti. Watoto hao hawajapata kuiona bahari. Bwana ataka wazunguke Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu kwa siku saba. Mama ana mashaka. Huko Lamu watafikia kwa wifi yake, mtaa wa Langoni. Na nyumbani watamwacha mkwewe, mtu mzima mwenye dawa za kunywa kila siku. Auliza mambo mawili: wakae siku ngapi, na je, watapunguza Sala muda wote huo?

Swali hili kwa juu laonekana jepesi, lakini ndani yake mna haki za watu wengi. Tutalijibu kwa mpango, inshallah.

Tuanze na njia yenyewe. Kutoka Matiliku watateremka hadi Emali, wapande treni ile isimamayo vituoni, nayo itawafikisha Mombasa mchana. Hapo hawana budi kulala. Siku ya pili ni basi, kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha chombo cha kuvukia Lamu. Basi siku mbili ni za kwenda na mbili ni za kurudi. Katika saba za bwana zimebaki tatu. Visiwa vitano kwa siku tatu si matembezi. Watoto watarudi Ukambani wakiwa wameona magati na mizigo.

Tena bahari ina saa zake, wala haimngojei mgeni. Vyombo vya kwenda Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko baina ya Manda na bara, nao hupitika vyema maji yakijaa. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, nayo huingiwa kwa mkono wa bahari unaotaka maji kujaa. Mwenye kwenda Pate asidhani atakwenda na kurudi apendapo, alale huko. Na Agosti ni mwezi wa kusi, bahari ya nje huchafuka. Kumpakia chomboni mtoto wa bara, asiyejua kuogelea, kwa safari ndefu ya kutafuta Kiwayu, ni jambo tusiloweza kulishauri. Wazee wetu waliofanya biashara kwa majahazi walikuja na kaskazi, wakarudi na kusi. Muda wa kukaa waliamuliwa na pepo, wakaridhika.

Kwa hivyo rai yetu ni kuacha Ndau na Kiwayu, na kuvipa haki yake visiwa vitatu. Lamu pana mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na pana Msikiti wa Riyadha, alioujenga Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaifanya Lamu kwao. Manda pana Takwa na msikiti wake uliobaki kuta. Pate pana Siyu na ngome yake, mji uliosifika kwa wanazuoni na mafundi wa ngozi. Na karibu yake pana Shanga, ambako wachimbuzi walikuta misingi ya msikiti wa karne ya 8. Mtoto wa Kiislamu aliyekulia bara akisimama hapo atajua kwamba dini yake haikufika nchi hii jana.

Wala wingi wa siku si wingi wa faida. Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331, Mombasa alilala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Juu ya hivyo aliandika habari za ndizi na ndimu zake, misikiti yake ya mbao, na desturi ya watu wake ya kutawadha miguu kabla ya kuingia msikitini. Mwenye jicho la kuangalia, usiku mmoja humtosha. Asiyekuwa nalo, mwezi haumtoshi.

Sasa tuje kwa haki za watu, na wa kwanza ni mwenyeji. Mtume, rehema na amani zimfikie, ametufundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka. Na amemkataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake dhiki. Waswahili nao wamesema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wifi atafurahi kuwapokea, lakini watu watano ni wengi kwa nyumba ya mtu. Walale kwake siku tatu, wasende mikono mitupu, na baada ya hapo wakodi chumba.

Na hapa twamwambia bwana neno moja. Safari inayomtoa mkeo jiko la Matiliku na kumwingiza jiko la Langoni haikumpumzisha. Yeye naye alizipalilia ndengu hizo. Ziwemo siku ambazo chakula kitanunuliwa, naye akae baraza ya pwani atazame maji yakipwa na kujaa, pasiwe na mtu wa kumwita.

Haki ya pili ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya mama mkwe. Katika barua tumesoma atakalo bwana na ahofialo mke, lakini hatukuona popote kwamba bibi huyo ameulizwa. Mtume ametuonya kwamba yamtosha mtu dhambi kuwatelekeza walio juu yake. Basi aulizwe yeye mwenyewe, kwa upole, na apewe muda wa kujibu. Atafutwe mtu wa kulala naye na kumpa dawa kwa saa zake, si jirani wa kuchungulia. Akiwapo mtu huyo, na bibi akaridhika, nendeni kwa amani. Asipokuwapo, kateni safari: pandeni treni, kaeni Mombasa siku mbili, mrudi. Mombasa nayo ni kisiwa, na bahari ya watoto kuiona ipo pale pale.

Ama Sala, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii msafiri aliyekusudia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa mkaazi tangu afikapo, naye hukamilisha rakaa zake. Akikusudia chini ya hapo, hupunguza. Asiyejua lini haja yake itakwisha, kama aliyezuiliwa na bahari akingoja chombo kila siku, hupunguza hadi siku kumi na nane. Lakini siku zisipangwe kwa ajili ya kuzikwepa rakaa mbili. Kupunguza ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa msafiri, nayo hupokewa kwa shukurani.

Tukikusanya yote, jawabu letu ni siku tisa. Ya kwanza Mombasa. Ya pili kuingia Lamu. Ya tatu mji na Riyadha. Ya nne Takwa. Ya tano kuvuka kwenda Pate na kulala. Ya sita Siyu na Shanga. Ya saba kurudi Lamu na kulala chumba cha kukodi. Ya nane Mombasa. Ya tisa nyumbani. Kwa mpango huu hawatatimiza siku nne kamili mahali popote, basi watapunguza Sala safari nzima. Na waweke kando fedha ya siku moja ya dharura, bila ya kukopa.

Haja ikiisha, warudi upesi kwa ahali zao, kama alivyotuusia Mtume. Na zawadi ya kwanza kufunguliwa Matiliku iwe ya bibi.

Mwenyezi Mungu awape safari ya salama na marejeo ya furaha. Wallahu aalam.