Kabla ya Kuilaumu Difu ya Nyuma

Barabara ya lami itokayo Kikorongo kwenda Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, haiwasumbui sana wenye magari. Taabu huanza pale dereva anapoiacha lami karibu na Bwera na kuelekea Karambi na vijiji vya vilima vya Rwenzori. Huko kuna udongo utelezao wakati wa mvua, vijito vyenye mawe, na miinuko ambayo gari lenye magunia ya kahawa hupanda kwa gia ya kwanza. Gari livutalo kwa magurudumu manne si anasa mahali kama hapo. Ndilo lipelekalo mazao sokoni, na ndilo lipelekalo mama mja mzito katika Hospitali ya Bwera usiku wa manane. Kwa sababu hiyo yafaa kila nyumba yenye gari la namna hii ijue dalili za difu ya nyuma iliyoharibika, ili fedha zisipotee na roho za watu zisihatarishwe.

KAZI YA DIFU

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Ndani yake mna gurudumu kubwa la meno liitwalo krauni, nalo huzungushwa na pinioni iliyofungwa kwenye propela. Ndani zaidi mna gia ndogo ambazo huyawezesha magurudumu mawili kwenda kwa mwendo tofauti gari linapokata kona, kwa kuwa gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Kutoka hapo nguvu hufika magurudumuni kwa vyuma viwili virefu, ambavyo mafundi huviita hafushafti. Mwenye kutafuta ugonjwa hana budi kuikumbuka safari hiyo: propela, pinioni, krauni, gia ndogo, hafushafti, gurudumu.

SAUTI NA MAANA YAKE

Difu mara nyingi hulalamika kabla ya kufa. Mlio mwembamba unaosikika dereva akanyagapo mafuta, na kubadilika aachiapo, aghalabu huonyesha kwamba krauni na pinioni zimelika au oili imepungua. Mlio ukizidi wakati wa kuachia mafuta, beringi za pinioni zichunguzwe. Ngurumo nzito isiyojali mafuta, bali huongezeka na mwendo tu, yaweza kuwa ya beringi za krauni au za gurudumu. Kelele isikikayo kwenye kona peke yake huelekeza kwenye gia ndogo. Kishindo kinachojirudia kwa kipimo, kama nyundo inayogonga, ni alama ya jino lililovunjika. Gari lenye kishindo hicho lisimamishwe mara moja.

Hata hivyo, sauti nyingine husingiziwa difu. Mlio wa tairi hubadilika gari linapotoka kwenye lami na kuingia kwenye udongo; wa difu haujali barabara. Mlio wa beringi ya gurudumu huongezeka au hupungua usukani unapoelekezwa kushoto na kulia. Na ule mgongo mmoja wa chuma usikikao gari linapoanza kuondoka mara nyingi ni wa jointi za propela zilizolegea.

OILI HAIFICHI KITU

Kipimo kisichogharimu fedha nyingi ni kufungua nati ya kujazia oili. Gari likiwa mahali tambarare, oili yapasa kufika ukingoni mwa tundu. Kisha ifunguliwe nati ya chini, na oili ikingwe katika chombo safi. Uji laini wa kijivu juu ya sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji.

Jambo hili la maji lina uzito mkubwa kwa watu wa Kasese. Ekseli iliyopata moto kwa safari ndefu ikiingizwa ghafla katika mto wa baridi ushukao Rwenzori, hewa iliyomo hujikunja na kuvuta. Kama kitundu cha kupumulia cha ekseli kimezibwa na matope, maji huvutwa ndani kupitia kwenye sili. Dereva huvuka salama, asijue kwamba beringi zake zinaanza kushika kutu.

KIPIMO CHA JEKI

Ikiwa injini inanguruma, gia imeingia, propela inazunguka, lakini gari haliondoki, kosa liko baada ya propela. Magurudumu ya mbele yafungiwe kabari mbele na nyuma, ekseli ya nyuma iinuliwe na kuwekwa juu ya stendi imara, injini izimwe na gia ya kwanza iingizwe. Kisha gurudumu moja lizungushwe kwa mkono. La pili lapasa kuzunguka kinyume chake. Iwapo moja lazunguka kwa wepesi na jingine limetulia, ama hafushafti imekatika, ama gia ndogo zimevunjika. Njia ya kujua ni kuzichomoa hafushafti. Zote mbili zikitoka nzima, na meno yake ya mwisho yakiwa hayajalika, ndipo difu ishitakiwe.

Na tumfikirie askari mstaafu aliyenunua Land Rover Defender kwa kiinua mgongo chake. Gari linagoma kilimani, na fundi anatoa hukumu akiwa amesimama: “Afande, difu imekufa. Tafuta nyingine.” Fedha zilizopo nyumbani ni za karo. Mkewe anauliza kwa upole, “Baba watoto, kabla hatujazitoa, fundi hawezi kutuonyesha hicho kilichokufa?” Fundi anafungua. Oili ni safi, haina hata chembe ya chuma. Lakini hafushafti ya kushoto inatoka nusu. Kipande kilichobaki kinatolewa, ndani kunasafishwa, na chuma kimoja kipya kinanunuliwa kwa sehemu ndogo ya bei ya difu. Swali la mama huyo halikuhitaji ujuzi wa ufundi.

HATARI ILIYOFICHIKA

Kuna jambo moja ambalo limewashangaza madereva wengi. Katika Land Rover za zamani, na katika Defender zilizotengenezwa hadi 2016, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika propela ya nyuma inapotoka kwenye giaboksi. Nguvu yake hupita katika difu na hafushafti ndipo ifike gurudumuni. Chuma kimoja kikikatika, breki hiyo haishiki tena nyuma, na gia nayo yaweza isisaidie. Gari lililoegeshwa mteremkoni laweza kuondoka peke yake na watoto waliomo. Hata gari zima la aina hiyo laweza kuteleza gurudumu moja la nyuma linapoinuliwa kwa jeki. Kwa hiyo kabari kwanza, jeki baadaye.

KUFIKA NYUMBANI

Gari la magurudumu manne laweza kurudi kwa nguvu ya mbele. Land Rover za zamani na Land Cruiser nyingi huhitaji gia ya magurudumu manne iingizwe, na zile zenye kufuli za magurudumu ya mbele zifungwe kwanza. Defender, ambayo huvuta kwa manne wakati wote, huhitaji difu ya katikati ifungwe. Bila hivyo nguvu yote hukimbilia upande uliovunjika. Propela ya nyuma itolewe, na difu ikiwa imekwama, hafushafti nazo zitolewe, matundu yazibwe. Lakini pikapu nyingi nyepesi hushikilia gurudumu kwa hafushafti yenyewe. Hizo zisiendeshwe, maana gurudumu laweza kuchomoka.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Alama ya oili mahali gari lilipolala ifuatiliwe asubuhi ileile. Kitundu cha kupumulia kisafishwe, na oili itazamwe kila baada ya kuvuka mto wenye kina. Tairi za ekseli moja ziwe za ukubwa mmoja. Gurudumu likizunguka bure matopeni, mguu uondolewe kwenye mafuta, kwa kuwa vyuma vingi hukatika pale gurudumu liendalo kasi linapolikamata jiwe ghafla. Majembe mawili na dakika kumi za kuchimba ni nafuu kuliko difu.