Titi likifura bila donge

Wengi wetu tumefunzwa kupapasa matiti tukitafuta donge. Mtu asipolipata humshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zake. Lakini iko saratani moja ya matiti, tena ya nadra, ambayo mara nyingi haina donge. Madaktari huiita saratani ya inflamesheni, kwa sababu titi hufura na kuwa na joto kama lenye jipu.

Chembe za saratani hii huziba mishipa midogo ya ngozi inayopitisha majimaji ya mwili. Majimaji yakikosa njia, titi huwa zito, ngozi hufanya vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu huweza kuingia ndani. Kwa mwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Huenda ngozi ikaonekana kama iliyovilia damu. Yote haya huzuka kwa muda wa majuma au miezi michache tu.

Mama anayenyonyesha atadhani ni maziwa yaliyoganda. Hata daktari huweza kufikiria hivyo na kumwandikia dawa za kuua viini, na mara nyingi huwa ni kweli. Lakini ukimaliza dawa za siku 7 au 10 na titi lingali limefura, usitosheke na dozi nyingine. Rudi hospitalini, uombe kupigwa picha.

Eksirei ya matiti, yaani mamografia, huenda isionyeshe donge lolote. Mtaalamu hutazama ngozi, ambayo kwa kawaida ina unene wa milimita 2 hivi, aone kama imekuwa nene. Hutazama pia kama titi hilo limekuwa jeupe kwenye picha kuliko la pili. Ndiyo maana hupigwa yote mawili. Nayo ultrasaundi huonyesha tezi za kwapani zilizofura, na humwelekeza daktari mahali pa kutoa kinyama cha kupima.

Kinyama hicho, pamoja na kipande cha ngozi, ndicho hutoa jibu kamili. Kwa hivyo ukiambiwa, "Mama, picha haina donge," uliza: "Na ngozi je, daktari?"

Saratani ikithibitishwa, matibabu huanza kwa dawa, kisha upasuaji, halafu miale. Ugonjwa huu huenda mbio, kwa hivyo usingojee mwisho wa mwezi.