Maziwa Yaanzie Nyumbani Kabla ya Soko

Wafanyakazi wengi wa Kisumu na Nairobi hupenda kuwanunulia wazazi wao walioko mashambani ng'ombe wa gredi. Ni zawadi njema, nami kama daktari siipingi hata kidogo. Lakini ikiwa mama yako anaishi Usenge, au penginepo kando ya Ziwa Victoria, jiulize swali moja kabla hujalipa: maziwa hayo yatanywewa na nani?

Swali hili si la mzaha. Watu wa Usenge wanajua jinsi chakula kinavyoweza kupita mlangoni bila kuingia nyumbani. Mbuta alipopata soko la ng'ambo, minofu ilianza kwenda viwandani na hatimaye nje ya nchi. Maskini wa ufuoni wakabaki kununua "mgongo wazi", yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Maziwa nayo yanaweza kufuata njia hiyo hiyo. Asubuhi mitungi yote inapelekwa hotelini, na jioni mtoto aliyemkatia ng'ombe nyasi anakunywa turungi.

Maziwa kwa mtoto si anasa. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni 1979. Baadaye, kuanzia 1998, watafiti waliwapa wanafunzi wa Embu githeri kila siku ya shule. Wengine waliongezewa nyama, wengine maziwa. Miongoni mwa watoto wadogo waliokuwa wamedumaa, wale wa maziwa walirefuka zaidi.

Sisemi maziwa yasiuzwe. Pesa zake hulipa karo na kununua dawa. Ninachosema ni kwamba kikombe cha kila mtoto na cha mama mjamzito kipimwe kwanza, kisha yanayobaki yaende sokoni. Ng'ombe wa kienyeji hutoa lita 1 au 2 kwa siku, lakini chotara aliyelishwa vizuri anaweza kutoa lita 8 au zaidi. Huyo anaweza kulisha nyumba na soko pia.

Hata hivyo, kuna mmoja asiyestahili kikombe hicho, naye ni mtoto mchanga. Hadi atimize miezi 6 anahitaji maziwa ya mamake peke yake. Baada ya hapo maziwa kidogo ya ng'ombe yaliyochemshwa yanaweza kutiwa kwenye uji wake, lakini yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Maziwa hayo yana madini ya chuma machache mno, na katika eneo la malaria kama letu upungufu wa damu tayari ni adui mkubwa wa watoto.

Jambo la pili ni moto. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe na brusela, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba na kumletea binadamu homa inayokuja na kwenda, jasho jingi na maumivu ya viungo. Katika kisiwa cha Malta, mwaka 1905, Themistocles Zammit aligundua kuwa mbuzi walioonekana wazima kabisa ndio waliobeba vijidudu vya homa hiyo. Wanajeshi wa Uingereza walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, wagonjwa kambini walipungua sana. Kwa hiyo usidanganywe na ng'ombe aliyenona. Chemsha maziwa hadi yafure. Ukitaka mala, chemsha kwanza, yaache yapoe, ndipo ugandishe, kwani ule uchachu pekee hautoshi kuua vijidudu hivi.

Lakini si kila homa ya mfugaji ni brusela. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Busia na kuchapishwa 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka kinachotumiwa sana nchini kiliwapa wengi ugonjwa wasiokuwa nao. Tiba yake huchukua wiki 6 na zaidi. Kabla ya kuanza safari hiyo, mwombe daktari wako kipimo kingine cha kuthibitisha.

Jambo la tatu, ambalo wanunuzi wa mjini hulisahau, ni maji. Ng'ombe wa maziwa anaweza kunywa lita 60 kwa siku, yaani mitungi 3 ya lita 20. Nani atayateka? Kando ya ziwa, kazi hiyo huwaangukia wanawake na watoto, nao huingia majini hadi magotini. Humo ndimo konokono wanaoeneza kichocho cha tumbo wanamoishi. Haina maana kumpa mtoto kikombe cha maziwa kwa mkono mmoja na kumpa kichocho kwa mkono mwingine.

Basi, ndugu msomaji, unapopanga bajeti ya zawadi hiyo, bei ya ng'ombe ni mwanzo tu. Ongeza mabati yenye mifereji na tangi la maji ya mvua. Ongeza dawa ya kupe, maana ndigana humaliza ng'ombe wa gredi upesi. Ongeza ada ya daktari wa mifugo, ampime brusela kabla hajaingia bomani. Naye akichomwa sindano ya dawa za viuavijasumu, maziwa yasinywewe wala kuuzwa mpaka siku alizotaja daktari zipite.

Kisha umpigie mama simu, umuulize bei ya lita sokoni ukipenda, lakini umuulize pia ni watoto wangapi waliokunywa leo. Akisema yote yameuzwa, jua kwamba ulimnunulia biashara, na wajukuu zake bado wanangoja ng'ombe wao.