Afya bila daftari

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa Muyeye, mjini Malindi, nimeshuhudia kuwa hata afya hupotea vivyo hivyo. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alipewa rufaa kutoka zahanati kwenda hospitali kubwa. Historia yake yote ya matibabu ilikuwa katika daftari la shule, nalo likarowa mvua njiani. Daktari hakuweza kusoma hata jina la dawa iliyomdhuru kijana huyo hapo awali. Vipimo vikarudiwa, na mzazi akalipa mara mbili.

Je, kumbukumbu za mgonjwa haziwezi kumtangulia hospitalini? Zaweza. Jirani zetu wa Kilifi wana mfano: orodha ya wakaazi iliyoanzishwa na watafiti wa KEMRI mwaka 2000 imeunganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wanaolazwa hospitalini huko.

Lililobaki ni suala la amana. Mji wetu ni mdogo. Siri ya ugonjwa ikivuja asubuhi, adhuhuri imefika sokoni. Ndiyo sababu wataalamu wanaitaja blokicheni, yaani mnyororo wa kumbukumbu. Kila ingizo jipya hufungamanishwa na lililolitangulia kwa alama ya kihesabu, na nakala huhifadhiwa katika kompyuta nyingi. Atakayegeuza neno moja huumbuka. Nchi ya Estonia ilitangaza mwaka 2016 kuwa italinda kumbukumbu za afya kwa teknolojia ya aina hiyo. Huko mgonjwa huweza kuona ni nani aliyefungua faili yake.

Hata hivyo, tusidanganyike. Blokicheni ni shahidi, si mganga. Humfichua aliyebadilisha maandishi, lakini haisahihishi uongo ulioandikwa tangu mwanzo, wala haiwashi taa umeme ukikatika. Kenya inayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023. Sheria bila utekelezaji ni karatasi tu. Kabla ya kununua mitambo, wakuu wetu watuhakikishie umeme wa kutegemewa, makarani waliofunzwa, na haki ya mgonjwa kujua aliyesoma habari zake.

Walimu wenzangu, tuwazoeze vijana kuuliza mapema: nani anasoma siri yangu, na kwa idhini ya nani? Asiyeuliza leo atajibiwa na majirani kesho.