Ukiuza Jiko la Kambi, Uza na Ukweli Wake

Leo nina neno ambalo halitampendeza kila mtu.

Mnakijua kile kidude cha shaba cha kuhamishia gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda kwenye kikopo cha jiko la kambi? Mimi sikiuzi. Na wewe nakushauri uache, hata kama kinatoka haraka kuliko jiko lenyewe.

Najua utakachosema. "Wateja wanakitaka. Nisipouza mimi, jirani atauza." Sawa, tutafika huko. Kwanza tuelewane bidhaa yenyewe, maana wengi tunauza kitu ambacho hatujui kinafanyaje kazi.

Vikopo vya kambi, vile vya gramu 220 hadi 230, ni vya kutumia mara moja. Bati lake ni jembamba, valvu yake imetengenezwa kwa safari moja, na vingi vina butani au mchanganyiko ambao butani ndiyo nyingi. Soma maandishi ubavuni: vingi vimeandikwa kabisa visijazwe tena.

Mtungi wa nyumbani, ule wa kilo 6 au 15, ni kitu kingine. Chuma chake ni kinene, valvu yake inafunguliwa na kufungwa miaka na miaka, na umetengenezwa urudi kwa mwenyewe ukakaguliwe na kujazwa. Ndani mna mchanganyiko wa propeni na butani. Sasa sikia: kwenye joto la nyuzi 30, ambalo Dar ni la kawaida kabisa, mgandamizo wa propeni tupu ni zaidi ya mara tatu ya ule wa butani tupu. Kadiri propeni inavyokuwa nyingi kwenye mtungi, ndivyo unavyokipa kile kikopo mzigo ambao hakikuumbiwa.

La pili ni ujazo. Gesi ya kupikia ikiwa kimiminika huvimba sana ikipata joto. Ndiyo maana wanaojaza mitungi huishia kama asilimia 80, nafasi inayobaki ni ya kuvimbia. Kijana anayehamisha gesi uani kwake hana kipimo. Anasikiliza "shshsh" mpaka inyamaze, anaona kimejaa, anafurahi. Kikopo kilichojaa pomoni kikiachwa kwenye buti ya gari saa saba mchana hakina pa kuvimbia.

Kwa hiyo ukiuza kile kidude, unamuuzia mteja kazi ya kiwanda aifanye chumbani. Hapo ndipo nasema hapana.

Tuje kwenye "jirani atauza". Ni kweli atauza. Lakini sisi wauzaji wa mtandaoni hatuna fremu ya duka wala kibao cha barabarani. Mtaji wetu ni jina. Mteja akiungua, hataandika jina la kiwanda asichokijua. Ataandika la kwako, atabandika na picha ya posti yako. Na hata asipoandika, wewe utalala vipi?

Wengine wanasema mteja ni mtu mzima, aamue mwenyewe. Nakubali, ila mtu anaamua kwa kile anachokijua. Ukimpa picha nzuri na bei bila maelezo, aliyeamua ni wewe.

Tena kuna hoja yenye uzito: vikopo ni ghali. Hili sibishi. Gesi ya mtungi mmoja wa kilo 6 ni sawa na ya vikopo karibu 26 vya gramu 230. Mama wa chai au kijana wa chipsi akipiga hesabu hiyo, lazima atafute njia ya mkato. Lakini jibu lake lipo tayari: mpe jiko linalokaa juu ya mtungi wa kujazwa. Bana ya kukaza moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6 inabebeka, inapika chungu kizito, na gesi ikiisha anabadilisha mtungi kwa wakala. Anayepika kila siku hahitaji kikopo cha kambi. Kikopo ni cha anayepika siku mbili porini akarudi nyumbani. Ukimuuliza tu, "Unapika wapi, na mara ngapi?", utamuuzia kitu sahihi na pengine cha bei kubwa zaidi.

Sasa tuje kwenye posti zetu. Nyingi zimeandikwa "Jiko la gesi la kambi, imara, bei poa, njoo inboksi." Hiyo haitoshi. Mambo ambayo mimi siachi kuyaandika ni haya:

1. Linatumia gesi ya aina gani. Kuna vikopo vya kukaza kwa kuzungusha, vile virefu vya kuchomeka ubavuni, na vya kutoboa. Haviingiliani. Kile cha kutoboa ukishakifunga hukitoi mpaka gesi iishe, na mteja asipoambiwa atakichomoa kikiwa na gesi.

2. Kama ni la mtungi wa kujazwa, linahitaji regulata au halihitaji. Jiko la nyumbani la mpira linataka regulata ya kushusha mgandamizo hadi milibari 30 hivi. Bana ya juu ya mtungi imetengenezwa kula mgandamizo mkubwa bila hiyo regulata. Ukichanganya, mmoja atapata moto wa mshumaa, mwingine atapata moto wa kuunguza nyusi. Na wote watakuambia umewauzia jiko bovu.

3. Mtungi unasimama wima. Ukilala, kinachotoka kinaweza kuwa kimiminika, na moto unaruka ghafla.

4. Halitumiki ndani ya hema lililofungwa wala chumba kisicho na dirisha wazi. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia, hajui kama anaondoka.

Mistari minne tu. Haijawahi kunifukuzia mteja. Imenipunguzia maswali na mizigo ya kurudishwa.

Kama una wateja wa Moshi na Arusha wanaopanda mlima, ongeza na hili. Butani huacha kugeuka hewa kwenye nyuzi sifuri hivi, wakati propeni huendelea hadi kama 42 chini ya sifuri. Kambi kama Barafu, huko juu ya mita 4,600, usiku ni baridi ya kugandisha. Kikopo cha butani tupu kitazubaa, na mtu mwenye njaa atajaribu kukipasha kwa moto. Mwambie mapema: achukue chenye mchanganyiko wa propeni kutoka kiwandani, na kikopo kisisogezwe kwenye moto hata kwa dakika moja.

Tukija kwenye usafirishaji, hapa ndipo tunapokosea wengi. Jiko peke yake ni mzigo kama mizigo mingine. Mtungi wenye gesi si mzigo wa kufunga kwenye boksi ukaandika "vyombo" ili upite. Ndege za abiria hazichukui gesi ya kupikia, hata kikopo kimoja. Kwenye basi unaweka roho za watu juu ya faida yako ya oda moja. Njia yangu ni rahisi: natuma jiko, na mteja ananunua gesi huko aliko kwa wakala anayejulikana. Na kama unataka kuuza gesi yenyewe, Tanzania Bara biashara hiyo inasimamiwa na EWURA, na Kenya ni EPRA. Waulize kwanza leseni inayokuhusu kabla hujapiga picha ya mtungi.

Mteja akipokea mzigo, mtumie sauti fupi ya WhatsApp. Wengi hawasomi karatasi ila sauti watasikiliza. Mwambie: kabla hujafunga, angalia ile raba ya kuzuia kuvuja ipo na haijapasuka. Fungia nje, mbali na moto. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio, fungua gesi bila kuwasha. Mapovu yakivimba, inavuja, funga. Usipime kwa kiberiti hata kama fundi wa mtaani anafanya hivyo.

Mwambie pia kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa chini na kukaa, haipandi kutafuta dirisha la juu. Ile harufu mbaya imewekwa makusudi ili pua ikushtue. Akiisikia, afunge valvu, afungue milango, asiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima, na atoke nje ndipo apige simu.

Na akinunua mtungi, aupime kwenye mzani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Jumlisha kilo 6 za gesi, hiyo ndiyo hesabu ya kupata. Ukipungua sana, kaibiwa. Ukizidi sana, asiuchukue kwa furaha ya nyongeza, maana hiyo nyongeza imekula nafasi ya kuvimbia.

Nimalizie hivi. Nchi inahamia kwenye nishati safi, na lengo la Tanzania ni asilimia 80 ya watu wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Maana yake wateja wapya wa gesi wanakuja wengi, na wengi hawajawahi kushika mtungi. Mtu wa kwanza watakayemuuliza hatakuwa mhandisi, atakuwa wewe, saa nne usiku, inboksi: "Dada, hili jiko linafaa mtungi wangu?"

Usimjibu "linafaa" kwa sababu unataka kufunga oda. Mwambie akutumie picha ya kichwa cha mtungi wake. Iangalie. Kama halifai, mwambie halifai. Oda moja itapotea, ila huyo mtu utakuwa naye miaka mingi.