Ombi Lako la Kazi Bado Liko Foleni

Uko Tseikuru, nafasi ya kazi inafungwa saa kumi na moja jioni, na ombi lako halitoki kwa simu. Mtandao unakuja, unapotea. Unaiandika upya barua pepe na kuituma mara tano. Wacha! Unarefusha foleni tu.

Angalia uzito kwanza. Gmail ina kikomo cha MB 25, lakini kwa mtandao dhaifu hata MB 10 ni mzigo. Vyeti ulivyopiga picha vigeuze PDF ndogo, kisha kagua anwani.

Ikiandikwa imetumwa, jua imetoka kwako tu. Seva ya mwajiri ikiikataa kwa muda, ile yako huiweka foleni na kujaribu tena. Kanuni za 2008 zinapendekeza ijaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukurudishia.

Hapo ndipo naona vijana wa mashinani wanaonewa. Kila seva hugonga muhuri wa saa juu ya barua. Mwajiri, soma saa ombi lilipoanza safari, si lilipofika tu. Nawe msomaji, tuma siku mbili mapema.